Jumamosi Niliyomleta Kabula Hewani

Siku ya kuniaga ofisini walinipa saa ya ukutani. Nadhani ilikuwa kejeli, maana katika miaka yangu yote ya utangazaji sikuwahi kumaliza kipindi kwa wakati, na msoma habari wa saa kumi na moja alizoea kunisubiri mlangoni huku akigonga kioo kwa kalamu. Baada ya keki na picha, Nkamba, fundi mitambo wetu, alinivuta pembeni. "Mzee Shija," akasema, "andika. Hawa vijana wapya wanadhani kazi hii ni kompyuta tu." Nikamuuliza niandike nini. Akanijibu, "Andika ulivyokosea. Ulipopatia wameshasikia, umewasimulia sana."

Basi naandika. Habari za vyeo na mishahara naziruka. Cheo changu cha mwisho kilikuwa kirefu na mshahara wake ulikuwa mfupi, tuishie hapo.

Siku ya kwanza niliingia redioni hapa Shinyanga nikiwa na tai ya kuazima na sauti niliyoifanyia mazoezi bafuni mwezi mzima. Nilidhani watanikalisha mbele ya maiki asubuhi hiyohiyo. Wakanipa ufagio. Aliyenipa alikuwa Mzee Luhende, mkuu wa mitambo, mtu mfupi wa maneno machache ambaye bisibisi haikuwahi kutoka mfukoni mwa shati lake, hata kanisani. Nilifagia studio siku kadhaa, na kwa kufagia nikajua kila waya unatoka wapi na unakwenda wapi. Baadaye nilielewa kwamba hilo ndilo alilokuwa akitaka. Wakati ule nilimwona ananionea tu.

Siku waliponiruhusu kusema, walinipa matangazo ya jioni, yaani vifo na mifugo iliyopotea. Kazi nyepesi, kila mtu akaniambia. Nilianza vizuri kabisa na tangazo la msiba wa mzee mmoja wa upande wa Old Shinyanga, kwa sauti ya huzuni niliyoiandaa. Karatasi zilikuwa zimeshikana kwa jasho la vidole vyangu. Nikageuza mbili kwa pamoja, nikaendelea bila kusita, na mkoa mzima ukaambiwa kwamba marehemu ana baka jeupe mgongoni, sikio la kushoto limekatwa ncha, na atakayemwona atoe taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji. Niliimaliza yote kwa huzuni ileile.

Ndugu wa marehemu walikuja ofisini kesho yake. Mimi nilikuwa stoo, nyuma ya makasha ya kanda, nimejikunja. Mzee Luhende aliwapokea, akawapa viti, akaomba radhi kwa niaba ya redio, kisha akaja stoo akanitoa kwa mkono kama mtu anayetoa mbuzi bandani. Tukaenda msibani wote wawili. Nilisimama mbele ya watu nikaomba msamaha, na mjane akasema, "Kijana, mume wangu angekusikia angecheka mpaka akae chini." Kisha wakanipa chakula. Sijawahi kula wali mgumu kumeza kama ule, na ulikuwa umepikwa vizuri.

Njiani tukirudi, Mzee Luhende alinipa somo lake la kwanza na la mwisho. Masikio yangu, alisema, yanajisikiliza yenyewe. Mtangazaji anayejisikiliza mwenyewe hasikii chochote kingine. Halafu akaniahidi kunifundisha kusikia, na kwa kuwa yeye alikuwa fundi, alinifundisha kwa njia ya fundi. Ukisikia mkwaruzo, waya umelegea. Ukisikia mngurumo wa chini, waya wa umeme umepita karibu na waya wa sauti. Ukisikia kitu chembamba, kama mbu, kagua plagi. Alinifunga kitambaa machoni, akaharibu waya mmoja kati ya kumi, akaniambia niutafute kwa sikio. Nikawa hodari. Nilipata sifa mpaka Kahama. Watu wa redio nyingine wakisikia kelele wasiyoielewa walikuwa wananipigia simu na kuniwekea ile kelele nisikilize, na mimi nawaambia, "Waya wa pili kutoka kushoto." Mara nyingi nilipatia. Kumbukeni sifa hiyo, maana ndiyo iliyoniponza.

Soul niliipata kwa kaka yangu aliyekuwa akifanya kazi reli, akaja nyumbani na kanda za muziki wa Wamarekani weusi. Sikuelewa neno hata moja, lakini nilielewa kwamba yule anayeimba ameachwa na mtu na hajamaliza kulia. Nikaomba kipindi. Wakuu wakanipa Jumamosi saa kumi jioni, saa ambayo, kwa hesabu yao, wanaume wako uwanjani na wanawake wako kisimani, kwa hiyo hakuna atakayeumia. Nikakiita Soul ya Jumamosi. Wiki ya kwanza nilieleza hewani kwamba soul ni muziki wa roho, na wiki ya pili nikapokea kanda sita za kwaya kutoka Bukombe pamoja na barua ya mganga mmoja aliyetaka tushirikiane. Tangu hapo niliacha kutafsiri.

Kipindi kilikuwa na sauti yake, ambayo si hii ninayoongelea nyumbani. Niliishusha chini mpaka ikawa inatokea magotini. Mke wangu, Mama Leticia, aliisikia mara ya kwanza akiwa kwa fundi cherehani, na niliporudi akanichemshia tangawizi. "Mafua yameanza lini?" akaniuliza. Hajawahi kuacha kuniuliza hivyo.

Ndani ya kipindi nilikuwa na dakika ishirini ninazozipenda kuliko zote, nilizoziita Mbegu ya Wiki. Kila Jumamosi mwimbaji mmoja mpya ambaye hajulikani. Sikuwasubiri waje ofisini, maana wanaokuja ofisini ni wale wanaojiamini, na wanaojiamini hawajui kuimba soul. Niliwafuata walipo: kwenye kinu cha kuchambua pamba, kwenye foleni ya maji, kwenye mnada wa ng'ombe. Nikiri kwamba mbegu zangu nyingi hazikuota. Mmoja alisahau maneno akaimba jina lake mpaka muda ukaisha. Mmoja alikuja na ndugu kumi na wanne, wote wakataka kuwasalimia wengine waliobaki nyumbani. Mwingine nilimtabiria makubwa hewani, na leo ni dereva mzuri sana wa bajaji, hunibeba bure na hatuzungumzii mambo ya zamani.

Kisha akaja Kabula. Hii ndiyo habari Nkamba anayotaka niiandike, na mimi nimeizungukazunguka kama mnavyoona.

Nilikuwa nimekwenda Nyarugusu kurekodi kipindi cha sokoni. Nyarugusu ni wachimbaji wadogo, na wachimbaji wadogo ni karasha. Karasha, kwa msiofika huko, ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Unailisha mawe kwa juu, unga unatoka chini, na wewe na mwenzako wa pembeni hamsikilizani hata mkipigiana kelele sikioni. Nilikuwa napita kando ya karasha moja nimeziba pua na leso wakati mkanda wa mashine ulipokatika. Kelele ikakoma ghafla. Na ndani ya ukimya ule kulikuwa na mwanamke anaimba.

Alikuwa mlishaji wa mawe, amejifunga kanga usoni, amekuwa mweupe kwa vumbi toka utosini mpaka miguuni. Kumbe alikuwa anaimba muda wote juu ya kelele ile, na mashine iliponyamaza hakuwahi kujizuia. Ilitoka mistari miwili tu, Kiswahili kimechanganyika na Kisukuma, juu ya mtu aliyesema atarudi mvua za kwanza. Kisha akashtuka, akafunga mdomo, na wanaume waliokuwa wanatengeneza mkanda wakacheka. Mimi sikucheka. Nilisimama pale na leso yangu nikajisikia nimekuwa mjinga kwa miaka yote, nimekaa napiga kanda za Wamarekani.

Nilisogea. Akanisalimia, "Shikamoo baba," nikaitika, nikamwambia mimi ni nani. Akaniangalia. "Wewe ndiye yule mwenye mafua?" akauliza. Nikakubali kwamba ni mimi.

Chini ya turubai, hatua chache kutoka kwenye mashine, alikuwa amekaa mtoto wa kike wa miaka minne hivi, anacheza na kifuniko cha chupa. Kope za mtoto yule zilikuwa nyeupe. Kabula alimpangusa uso kwa ncha ya kanga akaniambia, "Huyu ni Rehema. Kila jioni namuosha, kila asubuhi namrudisha. Baba, mimi kuimba napenda, lakini nisikudanganye, ninachotaka ni kumtoa huyu hapa. Ukinipa kazi ya kufagia huko Shinyanga nakuja leo." Aliongea huku anakohoa kidogo. Wote pale walikuwa wanakohoa. Hata mimi nilikuwa nimeshaanza.

Kazi ya kufagia sikuwa nayo, lakini nilimjua mtu. Baba Stela, kiongozi wa bendi ya hoteli moja kule Geita mjini, alikuwa akitafuta mwimbaji wa kike tangu yule wa kwanza aolewe. Kazi ya siku mbili kwa wiki, na chumba nyuma ya hoteli. Nikampigia simu palepale. Baba Stela ni mtu mkavu, haongei ila akiulizwa. "Kanda zako siziamini," akasema. "Ninyi watu wa redio mnaweza kumfanya hata jogoo aimbe. Mlete hewani Jumamosi, moja kwa moja, nyimbo tatu. Nitakaa na redio. Akinifaa, anaanza wiki inayofuata."

Nikamweleza Kabula. Hakuruka wala hakushangilia. Alimtazama mtoto, akasema, "Wabeja, baba," yaani asante, kisha akarudi kulisha mawe maana mkanda ulikuwa umeshaungwa.

Alifika Ijumaa asubuhi, kwa basi la kupitia Segese na Kahama, amevaa gauni la kijani na viatu alivyovibeba mkononi mpaka mlangoni ili visichafuke. Rehema amemwacha kwa jirani. Nilimwingiza studio ya ndani, ile tuliyoibandika magodoro na trei za mayai, nikamweleza kwa fahari kwamba maiki ile inasikia hata sisimizi akitembea. Nikamwambia avue bangili. Nikamwambia asipige kofi, asigonge mguu. Nilimnyang'anya kila kitu alichokuwa anaimbia, kisha nikamwambia aimbe.

Akaimba. Nkamba alikuwa kwenye mashine, mimi nimesimama nyuma yake, na tuliposikia mstari wa kwanza tulitazamana. Kisha nikasikia mluzi.

Ulikuwa mwembamba, wa mbali, kama birika lililosahauliwa chumba cha tatu. Unatokea kati ya mstari na mstari, unapotea. Nikainua kidole, nikatabasamu. Nilikuwa nasubiri nafasi ya kumwonyesha mgeni ufundi wangu. "Waya," nikasema. Nikabadilisha waya wa maiki. Mluzi upo. Nikabadilisha waya wa pili, ule unaoingia ukutani. Upo. Nikamtoa Nkamba kwenye kiti, nikaingia chini ya meza kwa magoti yangu haya, nikabadilisha wa tatu. Upo palepale. Nikabadilisha maiki. Nikamtuma mlinzi akazime friji ya mama wa chai kule nje, na mama wa chai akanitumia ujumbe ambao mlinzi alikataa kuufikisha kwa maneno yaleyale.

Nkamba akasema taratibu, "Mzee, mbona unasikika akivuta pumzi tu?"

Nikamwambia, na hapa naandika maneno yangu kama nilivyoyasema, ili vijana myasome: "Nkamba, mimi nimeanza kushika nyaya hujazaliwa."

Akarudi kwenye kiti chake. Angefanya nini? Nikamweleza kwamba mtu akiacha kuimba, maiki nzuri hutafuta kitu cha kusikia, ndiyo maana mluzi unajitokeza pale. Maelezo hayo niliyatunga wakati nayasema na yakanipendeza. Kisha nikafanya kile ambacho fundi aliyeshindwa hufanya. Kwenye mashine kuna kitufe cha kupunguza sauti kali zinazoenda hewani. Nilikizungusha mpaka mluzi ukafa. Tukarekodi wimbo mmoja wa majaribio, sauti tupu bila kinanda, ikatoka safi kabisa. Niliwaita watu wa habari waje wasikilize. Niliwapigia mpaka mama wa chai, kama njia ya kuomba msamaha wa friji.

Jumamosi saa kumi taa nyekundu ikawaka. Nilimtambulisha kwa sauti ya magotini, nikataja Nyarugusu, nikataja karasha, nikamvalisha hedifoni ili asikie kinanda tulichokuwa tumemrekodia. Spika za studio hujizima zenyewe maiki ikifunguliwa, kwa hiyo hedifoni haikwepeki. Jambo moja sikulifikiria. Kitufe changu kilisafisha sauti inayokwenda kwa wasikilizaji. Hedifoni zilikuwa zinachukua sauti kabla haijafika kwenye kitufe.

Alianza vizuri. Mstari wa kwanza, wa pili. Nikaona uso wake unabadilika. Akageuka nyuma, akatazama ukuta. Akaimba mstari wa tatu polepole, halafu akanyamaza, na kinanda kikaendelea peke yake kama msindikizaji aliyeachwa na bibi harusi.

Mwenye kujua redio anajua sekunde moja ya kimya ilivyo ndefu. Nikarukia maiki. Niliwaambia wasikilizaji kwamba soul ni muziki wa kutafakari. Nikawaambia habari za mvua. Nikaingia kwenye nyanya za soko la Nyarugusu, jinsi zilivyo imara, na nilikuwa naelekea kwenye vitunguu Kabula aliposogea kwenye maiki yake, iliyokuwa bado wazi.

"Baba," akasema, na mkoa mzima unasikia, "nani anapiga mluzi humu ndani?"

"Ni waya, mwanangu," nikamjibu. "Endelea tu."

Akabana pumzi. Nilimwona kabisa anabana, mashavu yametulia, macho yameelekea juu. Akaachia. Akavuta tena taratibu, kiganja amekiweka kifuani. Alirudia mara mbili, bila haraka, kama mtu anayejaribu ufunguo mlangoni.

"Waya unahema?" akaniuliza.

Nikatazama kwenye kioo. Nkamba alikuwa ameinamisha kichwa. Nami nilijua, wakati uleule, kwamba Nkamba alijua tangu jana. Nilijua pia kwamba masikio yangu, yaliyosifiwa mpaka Kahama, yalisikia kifua cha mtu kinaugua nikakitafutia bisibisi. Niliona aibu. Hata lile tangazo la ng'ombe sikuona aibu hivyo.

Sasa sikilizeni nilivyofikiri, maana sikufikiri vizuri. Nilifikiri kwamba Baba Stela, kule Geita, hajasikia mluzi wowote. Kwake inafika sauti safi. Nikinyamaza, nikamwambia Kabula avue hedifoni na aimbe, kazi anaipata na Rehema anatoka kwenye vumbi. Nikamnong'oneza hivyo, nimeziba maiki yangu kwa kiganja. "Huo mluzi hawausikii," nikamwambia. "Nimeuzima kwa kitufe. Imba tu, baba yule atakuchukua."

Kabula hakuziba yake. "Na hotelini kuna kitufe hicho?" akauliza.

Nikaondoa kiganja kwenye maiki.

"Basi kitoe," akasema. "Akinichukua anichukue na mluzi wangu. Nikimdanganya leo, wiki ijayo atanirudisha na mtoto nitakuwa nimeshamhamisha." Akavua hedifoni akaziweka mezani kwa adabu. "Na huo mlango naomba ufunguliwe. Siwezi kuimba mahali kimya hivi. Kule kwetu nilidhani mashine ndiyo inapiga mluzi."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi, mlango wa studio ulifunguliwa taa nyekundu ikiwa inawaka. Niliufungua mimi mwenyewe. Zikaingia honi za bodaboda, ikaingia friji ya mama wa chai, akaingia mama wa chai mwenyewe akasimama na kijiko. Nkamba akazungusha kitufe kikarudi kilipokuwa. Kinanda tukakiacha. Kabula akagonga meza kwa kiganja mara nne, akaimba nyimbo tatu, na kati ya mstari na mstari mluzi ulisikika kila mahali redio yetu inapofika.

Nilikaa chini. Sikusema kitu. Nkamba anasema ndiyo dakika kumi na tano nzuri kuliko zote nilizowahi kuongoza, na anaposema hivyo anakazia neno kuongoza.

Msoma habari alikuwa mlangoni, kwa mara ya kwanza hakugonga kioo. Simu ya Baba Stela iliita kabla hajamaliza vichwa vya habari. Nikaiweka spika, Kabula yupo, Nkamba yupo.

"Sauti nimeipenda," akasema Baba Stela. "Huo mluzi ulikuwepo tangu lini?"

"Sijui, baba," Kabula akajibu. "Leo ndiyo nimejua ni wangu."

Tukamsikia akizima redio yake. "Nilikuwa na mpiga gitaa," akasema. "Alitoka migodini. Alikuwa na mluzi huohuo, tukawa tunamtania, tunamwita Filimbi. Nimemzika." Akakohoa kidogo. "Jumatatu aende hospitali. Usirudi kwenye karasha hata kuaga, umesikia mama? Mtu akakuletee mtoto. Nafasi yako naitunza. Utaimba umekaa." Akakata simu bila kwaheri, ndivyo alivyo.

Kabula yuko Geita hadi leo. Anaimba Ijumaa na Jumapili, ameketi kwenye stuli, nyimbo tatu halafu anapumzika, kisha tatu nyingine. Vumbi lililoingia halikutoka, ila halijaongezeka. Rehema anasoma chekechea na ni mkorofi. Nilipomwona mara ya mwisho nilimshangaa, kope zake ni nyeusi tii.

Ningeweza kuishia hapo, nikaonekana mtu mwema. Lakini Nkamba atausoma waraka huu na anajua kilichobaki, kwa sababu mwenyewe nilimsimulia.

Jumatatu ile nilimpeleka Kabula hospitali hapa Shinyanga. Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa Leticia wangu. Akapiga picha ya kifua, akaitazama kwenye mwanga, akaweka kile kifaa chao mgongoni kwa Kabula akasikiliza muda mrefu, amefumba macho. Nilimwangalia anavyosikiliza. Hakuwa na haraka ya kusema ni nini. Mwishowe akasema vumbi la mawe limeshakaa kwenye mapafu, mwaka mmoja zaidi pale Nyarugusu na tungekuwa tunaongea maneno mengine. Kabula akaitikia kwa kichwa. Akauliza kama ataweza kuimba, akaambiwa ataweza, kwa kiasi. Akauliza juu ya mtoto, akaambiwa amlete apimwe, ila kwa umri ule na kwa kuwa ametolewa mapema, asiogope sana. Hapo ndipo Kabula alipolia, kidogo tu, akajifuta kwa kanga.

Daktari akanigeukia mimi na kalamu yake. "Mzee, wewe ndiye uliyemleta. Hii sauti ya kifuani uliisikia kwanza lini?"

"Ijumaa, daktari."

"Ukafanya nini?"

Kulikuwa na majibu mengi. Mtangazaji wa miaka yote hiyo hakosi cha kusema. Lakini Kabula alikuwa ananitazama.

"Nilibadilisha waya," nikasema.

Kalamu ya daktari ikasimama juu ya karatasi. Kabula akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, na safari hii mimi na daktari tukanyamaza, tukamsikiliza.